Duka la dawa na mgonjwa wa saratani nyumbani

Dada, pole sana kwa kuuguza. Umeuliza duka la dawa la hapo Urambo litakusaidia nini na mama aliyerudishwa nyumbani na saratani. Morfini, dawa kali ya maumivu, hutaipata hapo. Inatoka hospitali kwa cheti cha daktari, kwa hiyo chupa ikikaribia nusu anza kufuatilia nyingine Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa kule Tabora. Lakini muuzaji aliyesomea ana kazi kubwa. Mpelekee dawa zote anazotumia mama, na mitishamba umtajie. Akiona diklofenaki imechanganywa na ibuprofeni, au parasetamoli inazidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, atakuzuia.

Na muulize habari ya choo, usione haya! Morfini hufunga choo karibu kwa kila mgonjwa, na wapo wanaoiacha kwa sababu hiyo tu, wakati bisakodili, dawa ya kulegeza choo, ingewasaidia. Morfini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4 hata kama maumivu hayajarudi; ukingoja mama alie, umechelewa. Wanaosema itamuua wasikutishe: ikipimwa vizuri haiharakishi kifo. Ila akilala kupita kiasi, haamshiki, na pumzi imekuwa ya taabu, mkimbize hospitali.