Usingoje Ukumbi: Niliyojifunza kwa Waliotengeneza Filamu kwa Mkono

Filamu yangu ya kwanza ilikaa kwenye diski miaka minne bila kuonyeshwa hadharani. Ndani yake hamna kitu ila mikono ya bibi yangu ikitunga asumini barazani kwetu Kibokoni, Mombasa, tangu alasiri hadi adhana ya magharibi. Kazi yangu ni kupiga video za harusi upande wa wanawake, kwa hiyo kamera haikuwa tabu. Tabu ilikuwa swali nililoulizwa kila nilipoipeleka: hadithi iko wapi? Ofisi moja ya ruzuku iliniambia nirudi nikiwa na mswada wa dakika tisini. Nikaamini kwamba nilichotengeneza si filamu.

Kilichonitoa hapo ni kuwasoma watu waliopita njia hii zamani. Filamu zao huitwa avangadi, neno la Kifaransa la kile kikosi kinachotangulia jeshi. Mimi naziita filamu za majaribio, basi. Kama na wewe una kazi ya aina hiyo imelala ndani ya simu, nakuandikia wewe.

Anza na Maya Deren. Alizaliwa Kyiv mwaka 1917 na kulelewa Marekani. Mwaka 1943 yeye na mumewe, Alexander Hammid, walitengeneza *Meshes of the Afternoon* kwenye nyumba waliyokaa Los Angeles, kwa kamera ndogo ya mkanda wa milimita 16. Wachezaji ni wao wenyewe. Vitu ni vya nyumbani: ufunguo, kisu cha mkate, ua. Inaenda kama ndoto, jambo lile lile likirudi na kila likirudi limegeuka kidogo. Nilipoiona mara ya kwanza nilisimama nikaenda kuutazama ufunguo wa mlango wetu.

Deren aliandika jambo ambalo Kiswahili kinalisema vizuri kuliko Kiingereza. Alikumbusha kwamba neno la Kiingereza la mtu asiyelipwa kwa kazi yake linatokana na Kilatini, na maana yake ni mtu apendaye. Sisi tunasema wachezaji wa ridhaa. Ridhaa! Kazi uliyoiridhia moyoni, hukutumwa na mtu. Kwa hiyo usione haya kwamba filamu yako haina mlipaji.

Halafu kuna waliofanya bila hata kamera. Mwaka 1923 huko Paris, msanii Man Ray alinyunyiza chumvi, pilipili na pini juu ya ukanda mtupu gizani, akawasha taa kitambo kidogo, akausafisha. Vile vitu viliacha vivuli vyake, na ukanda ulipoonyeshwa vikawa vinacheza. Miaka arubaini baadaye Stan Brakhage, mtengeneza filamu Mmarekani, wakati mfuko umetoboka kabisa, aliokota mabawa ya nondo waliokufa kwenye taa, akaongeza majani na maua, akavibana katikati ya tepu mbili nyangavu na kuchapisha. Hiyo ndiyo *Mothlight* ya 1963. Hakuna kamera iliyoigusa. Watu wengi humtaja pia Andy Warhol, aliyelielekeza lenzi kwenye jengo moja la New York filamu ikaenda kwa muda wa saa nane. Kwangu hiyo inatosha kuisimulia.

Nikupe zoezi, ndilo lililoniponya. Futi mia za mkanda wa milimita 16 hutoa takriban dakika mbili na sekunde arubaini na tano, na kamera nyingi za Bolex ziliendeshwa kwa springi: ukishaijaza, picha moja haifiki nusu dakika, unasimama kujaza tena. Jiwekee mipaka hiyo kwenye simu yako. Hakuna picha inayopita sekunde 28, na filamu nzima isizidi dakika mbili na sekunde 45. Kazi ya bibi ilikuwa na dakika kumi na moja. Niliikata hadi hapo, na ndipo ikapumua. Nilibakisha vidole, sindano, na vile vitumba vyeupe. Asumini hutungwa ingali kitumba, ichanue usiku ikiwa kichwani mwa bibi harusi. Sura ya bibi haimo kabisa, maana aliniambia wazi, "Mikono chukua, mwanangu. Uso wangu uache." Sharti lile ndilo lililoipa filamu umbo.

Lakini yote haya ni nusu ya safari, na nusu ya pili ndiyo inayotushinda sisi Mombasa. Tunatengeneza, kisha tunangoja ukumbi utuite. Deren hakungoja. Mwaka 1946 alikodi jumba dogo la michezo New York, Provincetown Playhouse, akaonyesha filamu zake mwenyewe. Miongoni mwa waliohamasika ni Amos Vogel, na mwaka uliofuata yeye na mkewe Marcia wakaanzisha Cinema 16, chama cha watazamaji kilichodumu hadi 1963. Jonas Mekas, mkimbizi wa Lithuania, alifika mji huo huo mwaka 1949, na baada ya muda mfupi akakopa pesa za kununua Bolex. Mwaka 1962 yeye na wenzake walikuwa wameanzisha ushirika wa kukodisha filamu zao, na hakuna filamu ya mwanachama iliyokataliwa kwa kuambiwa haifai. Huo ni ushirika kama wa wavuvi: kila mtu na samaki wake, soko ni moja.

Na usiniambie ni mambo ya Wazungu. Djibril Diop Mambéty wa Senegal hakusomea filamu shule yoyote, na mwaka 1973 alitoa *Touki Bouki*, vijana wawili na pikipiki yenye pembe za ng'ombe, wakizunguka Dakar na kuota kuondoka. Dakar ni bandari kama yetu. Ile hamu ya kuitazama meli ikitoka, mtu wa hapa haambiwi.

Basi nilichofanya ni hiki. Nilikodi projekta, nikachukua shuka jeupe la vitanda viwili, nikashona pindo chini na kupitisha bomba la maji ili upepo wa kusi usilipeperushe. Tulilifunga darini kwetu, tukatandika mikeka, tukaanza baada ya isha giza limekaza. Walikuja watu kumi na saba, wengi wao majirani. Filamu ilipokwisha pakawa kimya, moyo wangu ukaenda mbio. Kisha mama mmoja akasema, "Rudisha. Hapo anafunga fundo la pili, mimi sikufunzwa hilo." Nikarudisha. Niliihariri filamu ile wiki nzima na sikuwahi kuliona fundo la pili. Tuliitazama mara nne usiku ule, na wanawake watatu walikuwa na uzi mikononi kabla hatujazima taa.

Mambo machache kama utajaribu. Omba idhini ya kila anayeonekana, na uiombe tena kabla ya kuonyesha, kwa sababu kukubali kupigwa picha si kukubali kutandazwa ukutani. Sisi wa harusi tunalijua hili, simu zinaachwa mlangoni. Jaribu sauti mapema, maana darini pikipiki za chini humeza kila kitu. Usionyeshe zaidi ya dakika ishirini kwa jumla, ubakishe wakati wa watu kuzungumza. Na weka nakala. Mekas na wenzake walifungua Anthology Film Archives mwaka 1970 ili kazi hizi zihifadhiwe na zionwe. Mimi nilisubiri hadi diski yangu ikaanguka sakafuni na kupoteza harusi mbili za watu. Filamu ya bibi ilisalimika kwa sababu nilikuwa nimemtumia mwenzangu siku ile ya darini. Sasa nakala moja ipo Kibokoni na nyingine kwa shangazi Likoni, ng'ambo ya maji.