Maswali ya Wasomaji: Waziri wa Nepal na Hesabu za Bunge

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Kisumu. Wanafunzi wangu wanaandaa mdahalo kuhusu serikali za mseto, na wamemchagua Baburam Bhattarai wa Nepal. Aliwezaje kuwa waziri wa fedha na mbunge kwa wakati mmoja? Na mbona hakumaliza hata mwaka mmoja, ilhali chama chake ndicho kilichoongoza uchaguzi? – Mwalimu, Kisumu

JIBU: Mwalimu, la kwanza hata wazazi wa wanafunzi wako watalijibu. Nasi tuliishi hivyo hadi 2013: James Orengo alikuwa mbunge wa Ugenya na waziri wa ardhi, Musalia Mudavadi mbunge wa Sabatia na naibu waziri mkuu. Ibara ya 152 ya Katiba yetu ya 2010 ndiyo iliyomkataza waziri kuwa mbunge. Nepal hawakuutenganisha uwaziri na ubunge. Kwa katiba yao ya 2015, asiye mbunge akipewa wizara ana miezi sita tu ya kupata kiti bungeni. Akikosa, wizara imemponyoka.

La pili ni hesabu, na ni vizuri vijana waifanye kwa kalamu. Bunge la Katiba, la kuandika katiba mpya, lililochaguliwa Aprili 2008 lilikuwa na viti 601: 240 vya majimbo, 335 vya orodha za vyama na 26 vya kuteuliwa. Chama cha Wamao, wakomunisti waliokuwa waasi, alichokuwa Bhattarai, kilipata 120 majimboni na 100 kwenye orodha. Hizo ni 220. Wingi wa viti 601 ni 301, kwa hiyo kabla ya wateuliwa walipungukiwa na 81. Kura hizo ziko mikononi mwa wengine, na mwenye kukupa ndiye mwenye kukunyang'anya.

Agosti 2008 washirika waliingia, na Prachanda, kiongozi wa Wamao, akachaguliwa waziri mkuu kwa kura 464 dhidi ya 113 za Sher Bahadur Deuba. Bhattarai akapewa fedha. Mei 2009 Prachanda alimfuta mkuu wa jeshi, Rookmangud Katawal. Chama mshirika cha UML kikajiondoa serikalini, Rais Ram Baran Yadav akamwambia jenerali abaki kazini, na tarehe 4 Prachanda akajiuzulu. Waziri mkuu akianguka, baraza zima huanguka naye. Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza: huandika kwamba Bhattarai alifutwa. Hakufutwa. Bajeti yake haikuwa chanzo. Serikali yote iliondoka.

Zao la hesabu hiyo hiyo lilimrudisha. Kuanzia Julai 2010 bunge lilipiga kura mara 17 hadi lilipompata waziri mkuu Jhala Nath Khanal, Februari 2011, naye hakuvuka Agosti. Tarehe 28 Agosti Wamao wakiungwa mkono na vyama vya Madhesi, vya tambarare za kusini, Bhattarai alichaguliwa waziri mkuu kwa kura 340, Ram Chandra Poudel 235. Aliingia ofisini na gari aina ya Mustang Max, lililounganishwa Nepal kwenyewe, akaacha yale ya kifahari. Watu walilizungumzia sana, na kwetu lilikuwa jambo la heshima. Lakini gari halileti katiba. Mabishano juu ya majimbo ya shirikisho hayakuisha, muda wa Bunge la Katiba ukakatika 28 Mei 2012, Bhattarai akabaki waziri mkuu wa mpito hadi Machi 2013, alipomwachia Jaji Mkuu Khil Raj Regmi asimamie uchaguzi.

Ubaoni chora safu nne: tarehe, waziri mkuu, mshirika aliyeingia, mshirika aliyetoka. Bila hiyo ya nne mdahalo utakuwa wa kusifu na kulaumu watu tu.

SWALI: Kitabu kimoja kinasema vita vya Wamao vilianza 2052, kingine 1996. Kipi kimekosea? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Hakuna kilichokosea. Nepal hutumia kalenda ya Bikram Sambat, ambayo mwaka wake huanza katikati ya Aprili. Kuanzia Baishakh, mwezi wa kwanza, hadi Desemba yetu inapoisha, toa 57. Kuanzia Januari hadi Chaitra, mwezi wa mwisho, toa 56. Vita vilianza tarehe 1 Fagun 2052, yaani 13 Februari 1996: 2052 toa 56. Katiba ilitangazwa 3 Asoj 2072, yaani 20 Septemba 2015: 2072 toa 57. Ukitoa 57 kila mahali, matukio ya Januari hadi Aprili yatarudi nyuma mwaka mzima, na waziri ataonekana ameapa kabla ya kuchaguliwa.

SWALI: Mawaziri wa Nepal ni wangapi kisheria? – Msomaji, Kakamega

JIBU: Wasizidi 25, waziri mkuu akiwemo, manaibu wake, mawaziri wa nchi na mawaziri wasaidizi wote wamo humo. Kwetu mawaziri ni 14 hadi 22. Na waziri wao wa fedha hachagui siku ya kusoma bajeti: katiba imeiweka tarehe 15 Jestha, mwishoni mwa Mei.