Wi-Fi ya Broadcom, fonti za Calibri na programu funge ndani ya Linux

SWALI: Hamjambo wahariri. Nimenunua laptopu ya mtumba hapa Kisumu nikaweka Debian 12, aina ya Linux. Kila kitu kinaenda isipokuwa Wi-Fi. Haioni mtandao hata mmoja. Rafiki yangu mmoja ananiambia niweke draiva ya kampuni niendelee na masomo. Mwingine anasema nikishaiweka sina tena mfumo huria, heri nirudi Windows. Nimsikilize yupi?
*Mwanafunzi, Kondele*

JIBU: Kabla ya kumsikiliza yeyote, ijue kadi iliyo ndani ya mashine. Fungua dirisha la amri uandike:

`lspci -nnk | grep -iA3 network`

Tazama namba yenye nukta mbili katikati, iliyo ndani ya mabano ya mraba. Ikianza na 8086 kadi ni ya Intel, 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom. Usipouona mstari wa "Kernel driver in use", basi hakuna draiva iliyoishika kadi hiyo.

Rafiki zako wanabishana kwa kuwa wamechanganya vitu viwili. Fimuwea ni programu inayopakiwa kwenye kadi yenyewe na kufanya kazi humo humo. Draiva, programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi, hukaa ndani ya keneli, kiini cha mfumo, mahali penye mamlaka yote juu ya mashine. Draiva funge, yaani ile ambayo kampuni imeuficha msimbo wake, tofauti na huria ambayo msimbo wake uko wazi, ni jambo zito kuliko fimuwea funge: hakuna wa nje anayeweza kuikagua, na kampuni ikiitelekeza hakuna anayeweza kuiendeleza ipasavyo.

Kadi za Intel zina draiva huria, iwlwifi, ila fimuwea yake ni funge. Hata Debian, wanaojulikana kwa msimamo mkali, walipiga kura mwaka 2022 na toleo la 12, lililotoka Juni 2023, likaja na fimuwea hizo kwenye kisakinishi. Kama uliboresha kutoka toleo la 11 badala ya kusakinisha upya, huenda sehemu ya hazina yenye fimuwea hizo haimo kwenye orodha yako. Fungua `/etc/apt/sources.list` na uhakikishe kila mstari unaoanza na deb unaishia na `main contrib non-free-firmware`. Kisha:

`sudo apt update`
`sudo apt install firmware-iwlwifi`

Kwa Realtek weka `firmware-realtek`. Intaneti ya kupakulia utaipata kwa kuunganisha simu kwa waya na kuwasha usambazaji wa mtandao kwa USB. Debian huiona simu kama kadi ya mtandao wa waya bila kuhitaji chochote. Zima kwanza masasisho ya simu yasije yakala bando.

Kwa Broadcom inategemea namba kamili. BCM4313 ina draiva huria, brcmsmac, na inahitaji tu kifurushi cha `firmware-brcm80211`. Lakini BCM43142, yenye namba 14e4:4365, haina njia isipokuwa draiva funge iitwayo wl. Ongeza `non-free` kwenye ile mistari, fanya apt update, halafu:

`sudo apt install linux-headers-amd64 broadcom-sta-dkms`

Usiache hiyo headers. DKMS, chombo cha kujengea draiva, huitumia kuijenga draiva upya kila keneli mpya inapoingia, na ikikosekana utapata onyo dogo tu kisha Wi-Fi isirudi. Tatizo kubwa zaidi ni umri: toleo la mwisho la Broadcom ni la mwaka 2015, na tangu hapo watu wa Debian na wenzao ndio wanaoitia viraka ili ikubaliane na keneli mpya. Siku kiraka kikichelewa, keneli inasasishwa na mtandao unapotea. Kwa hiyo usifute keneli ya zamani. Ukiona Wi-Fi imepotea baada ya masasisho, washa mashine upya, chagua "Advanced options" kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea mashine inapowaka, urudi keneli iliyotangulia. Kaa pia na keneli ya kawaida ya Debian 12, msururu wa 6.1, ambao haubadiliki ovyo.

Kikwazo kingine ni Secure Boot, ulinzi unaokagua sahihi za programu mashine inapowaka. Ikiwa `mokutil --sb-state` inajibu "enabled", draiva iliyojengwa kwenye mashine yako itakataliwa kwa kuwa ufunguo wake haujasajiliwa. Andika `sudo mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub`, tunga neno la siri, uwashe upya. Skrini ya buluu itatokea na kukupa sekunde chache tu za kubonyeza kitufe. Chagua "Enroll MOK", uandike lile neno. Ukichelewa, rudia amri.

Rafiki wa pili ana hoja yenye uzito, ila jibu lake si Windows, ambako takriban kila kitu kimefungwa. Kuna Trisquel, aina nyingine ya Linux, inayotumia keneli ya Linux-libre isiyo na fimuwea funge hata moja, lakini kwenye mashine yako ingeacha Wi-Fi ikiwa kimya vile vile. Suluhisho safi ni adapta ya USB yenye chipu ya AR9271: draiva yake huria, fimuwea yake huria, iko ndani ya main, sehemu ya hazina ya Debian yenye programu huria tupu. Hutumia masafa ya 2.4 GHz peke yake, na hayo yanatosha kusomea. Angalia lebo kabla ya kulipa. TP-Link TL-WN722N ya v1 ina chipu hiyo, lakini v2 na zilizofuata, kwa jina lile lile na sura ile ile, zina Realtek. Usikimbilie kubadilisha kadi ya ndani. BIOS (programu ya kuwashia mashine) za HP na Lenovo nyingi za zamani hukataa kadi isiyo kwenye orodha yao, na mashine haitawaka hadi uitoe.

Kwa hivyo kama ni BCM43142 na mtihani uko karibu, weka wl leo bila kuona haya, na uweke akiba ya adapta.

SWALI: Mhariri, nina saiba mjini Nakuru na mashine zote ni Linux Mint. Wateja wanaleta CV za docx kwa flashi. Nikizifungua kwa LibreOffice, ukurasa mmoja unageuka miwili. Kijana wa zamu anataka tuweke Microsoft Office iliyovunjwa kufuli kupitia Wine, ile ya kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux. Isitoshe, printa ya HP P1102 imegoma tangu tuboreshe Mint.
*Mwenye saiba, Nakuru*

JIBU: Mara nyingi si LibreOffice inayokosea, ni fonti haipo. Tangu Word 2007 hati nyingi huandikwa kwa Calibri, ambayo Mint haina, basi herufi pana zaidi hutumika na mistari inasukumana. Weka hizi:

`sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea`

Carlito ina vipimo sawa na Calibri, Caladea sawa na Cambria. Funga LibreOffice yote, uifungue tena. Arial na Times New Roman zimeshafidiwa na fonti za Liberation. Word za karibuni zinatumia Aptos, na hapo Carlito haisaidii; mwombe mteja alete PDF, au fungua hati kwa Word ya bure ya kwenye kivinjari ukague mpangilio kabla ya kuchapa.

Office iliyovunjwa kufuli, kataa kabisa. Wine si ukuta. Kwa kawaida huifungulia programu ya Windows mfumo wote wa faili kama diski Z:, kwa hiyo kirusi kilichofichwa humo kinaweza kusoma kila faili ambayo mtumiaji huyo anaweza kuisoma. Kwenye saiba hizo ni skani za vitambulisho, vyeti na PIN za KRA za watu waliokuamini, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakudai uzilinde. Kama kuna kazi ambayo bila Word halisi haiendi, nunua leseni halali ya mashine moja, nyingine ziache huru.

Printa: P1102 hutegemea kijalizo (plugin) funge cha HP, na kijalizo hicho lazima kiwe cha toleo lile lile la HPLIP, programu ya kuendeshea printa za HP. Mint ilipoboreshwa HPLIP ikasonga, kijalizo kikabaki nyuma. Andika `hp-plugin`, kubali leseni, halafu `hp-setup`. Utarudia hivyo kila HPLIP ikipanda toleo. Ukinunua printa nyingine, chagua inayoelewa PostScript au IPP Everywhere, viwango vya kawaida vya uchapaji. Hizo haziombi kijalizo.

SWALI: Nitajuaje ni programu zipi funge zimo kwenye kompyuta za maabara yetu? Tunatumia Debian 12.
*Mwalimu, Bungoma*

JIBU: Mwalimu, sakinisha `check-dfsg-status` na uiendeshe kwa jina hilo hilo. Itaorodhesha vifurushi vyote vya non-free na contrib. Isichokiona ni kile kilicholetwa nje ya hazina za Debian, kama Google Chrome. Hivyo vitafute kwa `apt list '?obsolete'`, na kwa kusoma faili zilizo ndani ya `/etc/apt/sources.list.d/`, kwani Chrome hujiongezea hazina yake humo bila kukuuliza. Mkiwa na Flatpak, njia nyingine ya kusakinisha programu, `flatpak list` itawapa majina, na leseni ya kila moja imeandikwa kwenye ukurasa wake wa Flathub, hazina yake ya mtandaoni.