Kabla Hujaagiza Kioo cha Pili, Pima Swichi

Juzi usiku nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Singida ambaye sijawahi kuonana naye. Aliandika: "Shikamoo kaka. Nimefunga kioo kipya cha IPS kwenye Game Boy Advance. Kinawaka vizuri, nembo inatokea, lakini nikiongeza mwanga kifaa kinazima. Nadhani nimeuziwa kibovu. Niagize kingine?" Game Boy Advance ni kifaa cha zamani cha kuchezea michezo mkononi, na IPS ni aina ya skrini ya kisasa iliyo angavu. Nilimjibu kwa neno moja tu, usiagize, kisha usingizi ukaniruka, kwa sababu swali lile lilikuwa langu mwenyewe miaka miwili iliyopita, ila mimi sikuwa na wa kumwuliza.

Wanaonifuatilia wanajua kwamba mchana natengeneza simu katika kibanda changu jirani na soko la Majengo hapa Dodoma, na usiku nafufua vifaa vya zamani vya kuchezea michezo mkononi. Najua na ninyi mna hamu hiyohiyo, ya kuona kifaa kilichotupwa kabatini kikiwaka kwa kioo angavu kuliko kilivyowahi kuwa siku kilipotoka dukani. Kwa hiyo sitaeleza namna ya kufungua skrubu zenye meno matatu wala namna ya kushika bisibisi. Nitaeleza aibu yangu.

Mteja wangu alikuwa mtumishi wa serikali, mmoja wa wale waliohamia huku wizara zilipohamishwa kutoka Dar es Salaam. Alikuwa na Game Boy Advance aliyoinunua alipokuwa akisoma nje ya nchi, na alitaka mwanawe aichezee. Kifaa hicho kilitoka mwaka 2001, kina kioo cha nukta 240 kwa 160, na kinatumia betri mbili ndogo za AA, zile ambazo wazee wetu huziita mawe. Kasoro yake kubwa inajulikana: kioo cha asili hakina taa yake, hivyo mchezaji hulazimika kukigeuzageuza kuelekea dirishani kama mtu anayesoma barua ya siri. Nilimwahidi mzee yule kioo cha kisasa chenye taa ya ndani. Nilimwahidi kwa sauti kubwa, mbele ya wateja wengine, na hilo ndilo ninalolijutia zaidi kuliko hata fedha.

Kioo kilichukua wiki tano kufika. Kabla ya kuagiza nilikuwa nimekagua fleksi, yaani utepe mwembamba unaounganisha kioo na bodi, kwa kuwa kifaa hiki kina matoleo mawili, la pini 40 na la pini 32, na katika hilo sikukosea. Nilikata kwa uangalifu vijiplastiki vya ndani ya kasha ili kioo kipya, ambacho ni kinene kidogo, kikae sawa, nikafunga, nikatia betri mpya, kikawaka. Nilipiga picha nikamtumia mteja. Nusu saa baadaye nilipoongeza mwanga kifaa kilizima, kikajiwasha chenyewe, kikazima tena.

Fundi mwenye busara angesimama hapo na kujiuliza umeme unapotelea wapi. Mimi niliamua kwamba kioo ni kibovu. Niliagiza cha pili kwa fedha zangu, fedha zilizozidi nauli yangu ya kwenda Dar es Salaam na kurudi, na mteja akasubiri wiki nyingine tano. Kioo cha pili kilifanya vilevile, bila tofauti hata moja. Mzee alikuja jioni hiyo, akakitazama kikizima mikononi mwake, akasema kwa upole unaouma kuliko matusi: "Fundi, ungeniambia tu kwamba huwezi." Nilimwomba aniachie usiku mmoja zaidi, naye akakubali kwa kunihurumia.

Usiku huo ndipo nilipochukua maltimita, chombo cha kupimia umeme kilichokuwa mezani pangu muda wote. Kwanza nilipima kifaa kikiwa kimezimwa: betri zilitoa volti 3 na ushee, hakuna tatizo. Kisha nikakiwasha, nikapima kwenye vikamatio vya betri, nikaona bado ni karibu volti 3. Nikahamisha ncha moja hadi upande wa pili wa swichi ya kuwashia, nikaona volti 2.2. Karibu volti nzima ilikuwa ikiliwa na swichi, kitu chenye ukubwa wa punje ya mahindi.

Sababu yenyewe si ngumu ukishaielewa. Vikamatio vya shaba ndani ya swichi ile vilikuwa vimepata weusi kwa miaka zaidi ya ishirini ya vumbi na unyevu, na weusi huo ni ukinzani, yaani huuzuia umeme kupita vizuri. Kioo cha zamani kilivuta mkondo mdogo wa umeme, hivyo volti iliyopotea ilikuwa ndogo na hakuna aliyeiona. Kioo kipya chenye taa kinavuta mkondo mkubwa zaidi, na mkondo unapoongezeka, volti inayopotea kwenye ukinzani uleule nayo inaongezeka. Ubaya zaidi ni kwamba saketi ya ndani inayopandisha volti, inapopewa volti pungufu, huvuta mkondo mwingi zaidi ili kufidia, na hapo swichi inazidi kuila, mpaka kifaa kinakata tamaa na kuzima. Ndiyo maana ni lazima upime kifaa kikiwa kimewashwa na mwanga umeongezwa. Ukipima kikiwa kimezimwa, hata swichi mbovu itakuonyesha uso mzuri.

Nilidondosha alkoholi ya isopropili ndani ya swichi, nikaisogeza mbele na nyuma mara hamsini au zaidi, nikaacha ikauke kabisa, nikarudia. Volti ikapanda hadi 2.9. Niliongeza mwanga hadi mwisho na kifaa hakikutikisika. Niliketi pale nikicheza mpaka jogoo wa jirani alipowika, na sikuwa na furaha hata kidogo.

Ndugu zangu, ugonjwa wetu mafundi vijana ni kupenda kubadilisha kuliko kupima. Simu haichaji, tunabadilisha betri. Redio haisikiki, tunabadilisha spika. Kipuri kipya kinatupa heshima mbele ya mteja, ilhali maltimita inatufanya tuonekane kama watu wasiojua. Pima kwanza. Pima kabla ya kuagiza, pima baada ya kufunga. Na kama unatumia betri za kuchaji za AA, kumbuka kwamba kila moja hutoa takriban volti 1.2 badala ya 1.5, hivyo unaanza safari ukiwa na volti 2.4 tu, na swichi chafu haitakuachia kitu.

Wapo watakaosema dawa ni kutia betri ya lithiamu. Sawa, lakini betri hiyo ikijaa hufika volti 4.2, na hupaswi kuiunganisha mahali palipotarajia volti 3 kabla hujajua saketi yako inavumilia kiasi gani. Vilevile vibodi vya kuchajia vya TP4056 vinavyouzwa kwa wingi kwa kawaida vimepangwa kutoa ampea 1, mkondo ambao ni mkubwa mno kwa betri ndogo inayoenea ndani ya kasha hilo. Badilisha rizista inayopanga mkondo. Nimeona betri ikivimba. Sitaki kuona tena.

Kuhusu vumbi nitasema machache, kwa sababu aliyeishi Dodoma wakati wa kiangazi, upepo unapovuma mchana kutwa, hahitaji kufundishwa. Mimi hufunga kioo usiku, bafuni, baada ya kumwaga maji sakafuni, na karatasi ya kinga huibandua mwisho kabisa. Mke wangu amekwisha kuzoea.

Mzee alichukua kifaa chake asubuhi, akakijaribu, akalipia kioo kimoja kama tulivyopatana, akaondoka bila kuaga. Tumepishana mara mbili hivi karibu na Nyerere Square na hakunisalimia, huenda hakuniona. Kioo cha pili bado kimo ndani ya droo yangu, kizima kabisa, kwenye mfuko wake.

Yule kijana wa Singida alinijibu leo asubuhi. Hana maltimita, lakini ataazima kwa fundi redio wa mtaani kwao. Nimemwambia aanzie kwenye swichi, na awe amewasha.