Maswali ya Wasomaji: RPG za kucheza peke yako ndo zimekufa?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Napenda sana magemu ya RPG (ya kuigiza mhusika) ya kompyuta, yale unakaa mwenyewe na stori yako, unachagua cha kusema, unaamua nani umsaidie nani umwache. Sa hivi kila gemu naambiwa niwashe intaneti, nicheze na watu, ninunue nguo za mhusika. Washkaji wanasema hayo yangu yameshakufa. Ni kweli? Na kompyuta yangu ina memori GB 4 tu, nicheze nini? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hayajafa ndugu yangu, na maneno hayo yalishasemwa zamani watu wakayaamini. RPG ya Fallout ilitoka 1997, Baldur's Gate 1998, Planescape: Torment 1999, yani moto juu ya moto, halafu 2003 Black Isle, studio iliyokuwa na mkono kwenye zote tatu, ikafungwa. Mwaka uliofuata ikaja World of Warcraft, gemu ya kucheza na watu wengi mtandaoni ambayo mtu analipia kila mwezi, basi wenye hela wote macho yakahamia huko, na ukipeleka wazo la gemu ya maneno mengi na kupigana kwa zamu (unapiga wewe, kisha adui) unajibiwa haina soko.

Soko lilikuwepo, waliokosekana ni wa kutoa mtaji! 2012 studio ya Obsidian wakawaomba wachezaji wenyewe wachange kupitia Kickstarter, tovuti ya michango, walitaka dola milioni 1.1 wakapata karibu milioni 4, ndo tukapata Pillars of Eternity. Studio ya Larian ya Ubelgiji nao wakachangisha 2013 kwa gemu nyingine, na miaka kumi mbele wakatoa Baldur's Gate 3 ikabeba tuzo ya gemu bora ya mwaka. Ile ukitaka kucheza na wenzako sawa, ila hulazimishwi, na ndani yake hakuna duka la kukukamua. Waliiuza ikiwa haijakamilika tangu Oktoba 2020, wakawa wanasikiliza wachezaji karibu miaka mitatu ndo wakaimaliza, na hapa ndo penye siri kwa maoni yangu, maana Larian kwa sehemu kubwa iko mikononi mwa mwanzilishi wake Swen Vincke, hakuna mwenye hisa wa kumgongea meza kila robo mwaka.

Ndo maana matumaini yangu siyaweki kwa makampuni makubwa, hayo gemu moja inakula miaka na pesa mpaka wanaogopa kujaribu kitu kipya. Nayaweka kwa studio ndogo na za kati. Disco Elysium ya 2019 haina hata mfumo wa kupigana, ni kuongea na kufikiri tu, na watu wakaipenda vibaya mno. 2025 kikosi kidogo cha Montpellier, Ufaransa, kikatoa Clair Obscur: Expedition 33, kupigana kwa zamu, nayo ikawa gemu ya mwaka.

Sasa kompyuta yako. Baldur's Gate 3 iache kwanza, inataka nafasi GB 150 na bando lako litalia. Tafuta Planescape: Torment ile iliyoboreshwa 2017, mashine yako inaiweza, hata kwenye simu ipo. Ukinunua GOG, duka la magemu mtandaoni, unashusha faili lako mara moja unalitunza, baada ya hapo unacheza bila intaneti. Kiingereza chake kizito na kusoma ni kwingi, usikimbie. Ukianza weka alama za hekima na akili za mhusika wako juu, nguvu achana nazo, mazungumzo mengi yatakufungulia majibu ambayo wengine hawayaoni kabisa.