Maswali yenu kuhusu Wasoshalisti wa Bunge la Ulaya

Hiki kinachoitwa S&D ni chama cha siasa?

Hapana, ni kundi la wabunge: Wasoshalisti na Wanademokrasia. Humo mna PSOE cha Uhispania, SPD cha Ujerumani, PD cha Italia na vyama vingine vya kisoshalisti na vya wafanyakazi. Lilianza mwaka 1953, enzi za Jumuiya ya Makaa ya Mawe na Chuma, iliyotangulia Umoja wa Ulaya. Neno "Wanademokrasia" liliongezwa kwenye jina mwaka 2009 ili PD, ambacho hakikutaka kuitwa cha kisoshalisti, kiweze kuingia. Bungeni watu hukaa kwa makundi, si kwa nchi, hivyo Mreno anaweza kukaa na Mswidi.

Kwetu EALA, Bunge la Afrika Mashariki, ina makundi ya namna hii?

Haina. Wabunge wa Afrika Mashariki huchaguliwa na mabunge ya nchi zao, tisa kila nchi. Wa Ulaya huchaguliwa na wananchi moja kwa moja.

Mbunge akikaidi msimamo wa kundi?

Mara nyingi hafanywi kitu, kwa sababu anayempitisha kugombea ni chama chake cha nyumbani. Mwaka 2019 uongozi wa kundi ulimuunga mkono Ursula von der Leyen aongoze Kamisheni ya Ulaya. Wabunge wa SPD, Wajerumani wenzake, wakatangaza hadharani kwamba watampinga: mgombea wa kundi, Frans Timmermans, alikuwa ameachwa kando na wakuu wa nchi. Kura ilikuwa ya siri. Von der Leyen alipata 383, na zilizohitajika zilikuwa 374. Kwa maoni yangu Wajerumani wale walikuwa na haki.

Wana nguvu gani, na inatuhusu nini?

Uchaguzi wa 2024 uliwapa viti 136 kati ya 720. EPP, wahafidhina wa kati, walipata 188. Hata wakiungana hawafikii nusu. Nguvu ya S&D ni kuhitajiwa na EPP, na hiyo sasa inapungua.

Chukua sheria ya 2024 inayoyataka makampuni makubwa kufuatilia madhara kwa wafanyakazi na mazingira katika mlolongo mzima wa bidhaa zao. Hapo ndipo anapoingia mkata waridi wa Naivasha, anayeshika maua yaliyopuliziwa dawa kabla hayajasafirishwa Uholanzi. Aliyeisimamia bungeni ni Lara Wolters, Mholanzi wa S&D. Mwaka uliofuata ikafunguliwa upya ili ilegezwe. Mwezi Oktoba kundi likakubali kulegeza, likihofia EPP wangetafuta kura kwingine, na Wolters akajiuzulu ujumbe wa majadiliano. Makubaliano yenyewe yakaangushwa bungeni. Novemba EPP wakapitisha msimamo mlegevu kwa kura za mrengo mkali wa kulia. S&D walitoa walichokuwa nacho, wakaachwa mikono mitupu, na mkata waridi hakuulizwa.