Bastola yenye leseni na ibada ya Jumapili: ninavyofanya mimi

Swali hili naulizwa sana na wafanyabiashara wenzangu, hasa wanaonunua dhahabu Chunya na wanaokwenda Tunduma na fedha taslimu: ukiwa na mguu wa kuku wenye leseni, Jumapili unaingia nao kanisani au unauacha? Wengine huuliza kwa kunong'ona, kana kwamba kuuliza tu ni dhambi. Jibu langu ni fupi. Wangu unabaki nyumbani ndani ya sefu. Maelezo ndiyo marefu, kwa sababu jambo hili nalijua kutoka pande zote mbili: ni mmiliki wa silaha, na pia ni kiongozi wa wahudumu wa mlangoni katika kanisa letu hapa Uyole, Mbeya.

Mimi silaha niliitafuta kwa sababu ya mpunga. Msimu ukikolea unashuka Igurusi, Ubaruku, mpaka Rujewa, na mkulima wa Mbarali akikuuzia magunia yake anataka kuona hela mkononi. Siku hizi wengi wanakubali kulipwa kwa simu, wakati ule hawakutaka kusikia. Basi nikaandika maombi, nikaanzia serikali ya mtaa, nikaenda polisi, nikachukuliwa alama za vidole, na kila meza niliyofika niliulizwa lile lile: unaitaka ya nini? Nikajibu ni ya kujilinda njiani nikiwa na fedha. Sheria inayotubana sasa ni ile ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mwaka uliofuata, 2016, ukafanyika uhakiki wa nchi nzima. Tulipanga foleni, askari anasoma namba ya silaha kwa sauti, mwenzake anailinganisha na iliyo kwenye kitabu cha leseni. Pale ndipo utaona sura ya mtu ambaye silaha yake na kitabu chake haviongei lugha moja.

Ninachotaka kusema ni kwamba ile sababu niliyoitoa kwenye kila meza inakwisha fedha zikishafika benki. Jumapili asubuhi nina Biblia, kitabu cha nyimbo na bahasha ya ahadi. Hakuna jambazi wa kunivizia kwa vitu hivyo.

Wapo wanaosema, "Mbona haionekani, nani atajua?" Hao hawajatulia wakaangalia ibada zetu zilivyo. Kanisani kwetu mtu hakai. Unasimama, unapiga magoti, unainua mikono, unacheza pambio mpaka jasho linatoka hata mwezi wa saba, Uyole ikiwa baridi kali. Mchungaji akisema tupeane amani, unakumbatiwa na watu usiowajua, na mikono yao inapita kiunoni pale pale. Mama aliye mbele yako akichoka anakupa mtoto umpakate bila kukuuliza, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu anavuta chochote anachokishika. Kwenye mkesha mtu analala kwenye benchi akiwa amejifunika koti, asubuhi koti liko kwa mwingine. Sijasema habari za choo cha shimo, ambako lazima ulegeze mkanda, na ala ya bastola imening'inia kwenye mkanda huo huo. Hapo mniruhusu nisiendelee.

Mwaka mmoja, mwezi wa saba, ibada ya kwanza, alikuja mgeni amevaa koti la ngozi. Alikaa benchi la tatu kutoka mbele. Mimi nilikuwa mlangoni. Pambio likakolea, akainua mikono yote miwili, koti likapanda, na mama mmoja wa kwaya aliyekuwa nyuma yake akauona mpini. Mama yule ana busara, hakupiga kelele. Alitoka taratibu kana kwamba anakwenda nje, akanifikia.

"Baba, shikamoo. Yule mgeni mwenye koti ana cha moto kiunoni."

"Marahaba. Una hakika mama?"

"Nimekiona kwa macho yangu haya."

Nikaenda nikakaa kando yake, nikangoja wimbo uishe. Nikamwambia, "Bwana asifiwe kaka. Mimi ni mhudumu hapa. Naomba tuzungumze kidogo nje, halafu utarudi." Alielewa hata kabla sijamaliza. Nje akanionyesha kitabu chake, kila kitu kimekaa sawa. Alikuwa ametoka Makongolosi, kule Chunya, usiku, amelala gesti, na hakuona ni akili kuacha silaha kwenye chumba ambacho ufunguo wake wa pili uko mapokezi. Ukimsikiliza unaona ana hoja.

Lakini ndani mambo yalikuwa yameshaharibika. Habari ilikuwa imeruka mabenchi, akina mama wawili wametoka na watoto wao kwa mlango wa pembeni, na ilipofika saa ya kutawanyika, pale uwanjani nikaambiwa kwamba majambazi walikuwa wawili na mmoja amekimbilia Igawilo. Silaha halali, mwenye nayo mstaarabu, hakuna risasi iliyotoka, na bado hakuna aliyesikia mahubiri siku ile. Jumapili iliyofuata bado kuna waliokuwa wanauliza kama ni salama kuja na watoto.

Kwa wahudumu wenzangu, kama likiwakuta: aende mtu mmoja tu, tena mtulivu. Msimzunguke. Usimguse kiunoni, na usimwombe akupe silaha pale ndani, maana hatari kubwa inatokea watu wawili wanapokabidhiana bastola yenye risasi katikati ya umati. Iache kiunoni kwake, toka naye, muulize kitabu kwa heshima, kisha mwombe aipeleke inakostahili kukaa. Akikataa kutoka, au akikosa kitabu, hapo kazi si yako tena. Mpigieni polisi kata wenu, au 112.

Vijana wetu wana hoja yao, na siwadharau. Wameangalia kwenye simu ile video ya kanisa la White Settlement, Texas, ya tarehe 29 Desemba 2019, ambapo mtu alisimama ibadani na bunduki akaua waumini wawili, na muumini mwenzao mwenye bastola akamwangusha kwa risasi moja. Yote yakaisha kwa sekunde sita hivi. Vijana wanasema, umeona baba? Angekuwa hana silaha ingekuwaje?

Mimi huwajibu kwa kuwaambia waiangalie tena. Yule aliyefyatua, Jack Wilson, alikuwa mwalimu wa kulenga shabaha na amewahi kuwa askari wa akiba. Alikuwa kwenye kikosi cha ulinzi cha kanisa lile, kinachojulikana na viongozi. Walikuwa wamemtilia shaka mgeni yule tangu alipoingia, kwa mavazi yake na nywele za bandia, wakawa wanamfuatilia kwa macho. Na pamoja na yote hayo, watu wawili walikufa. Halafu hiyo ni Texas, ambako sheria ya mwaka huo huo 2019 ilikuwa imeshaweka wazi kwamba mtu mwenye kibali anaweza kuingia na silaha kanisani pasipo kanisa lenyewe kukataza. Sisi hapa, niambieni kwa ukweli: mara ya mwisho kulenga shabaha ilikuwa lini? Wengi wetu tuliomiliki kwa ajili ya biashara tunaijua silaha kwa kuisafisha. Mtu wa namna hiyo akifyatua kanisani watu wakiwa wanakimbia, risasi yake itampata mwimbaji wa sauti ya tatu.

Na ukitazama yaliyotupata sisi wenyewe, utaona bastola ya kiunoni isingesaidia kitu. Tarehe 5 Mei 2013 kule Olasiti, Arusha, parokia mpya ilikuwa inazinduliwa, Balozi wa Papa yupo, watu wamejaa nje. Likarushwa bomu. Watatu walifariki na makumi wakajeruhiwa. Bomu hulipigi risasi. Baada ya tukio lile makanisa mengi yalianza kukagua mikoba mlangoni. Huku kwetu zoezi hilo lilifanyika kwa muda, kisha likapoa, kama yanavyopoa mambo yetu mengi.

Tuzungumze basi kinachotusumbua kweli Nyanda za Juu Kusini. Ni wizi. Pikipiki zinaondoka uwanjani watu wakiwa wamefumba macho wanaomba. Simu zinachomolewa kwenye mikoba watu wakienda mbele kutoa. Na sadaka: mtu akijua kwamba mhasibu analala nayo nyumbani Jumapili mpaka Jumatatu benki zifunguliwe, huyo mhasibu mmemweka rehani. Kwetu tulimaliza hili bila chuma chochote. Sadaka inahesabiwa hapo hapo kanisani mbele ya wazee watatu, wanasaini, na sehemu kubwa siku hizi inapita kwenye lipa namba ya kanisa ambayo imebandikwa ukutani. Zile taslimu zinawekwa kwa wakala jioni ile ile, na njia inabadilishwa. Uwanjani tumeweka vijana wawili kwa zamu, nao wanapata ibada ya pili. Kila mgeni anasalimiwa kwa mkono mlangoni na kuulizwa ametokea wapi. Salamu ile tunaifanya kwa upendo, lakini pia aliyekuja kwa nia mbaya anajua kuna mtu ameshaiona sura yake na anaikumbuka.

Sasa kwa mwenye silaha. Sefu ifungwe kwa bolti ukutani au sakafuni, si kile kiboksi ambacho mwizi anakibeba kwapani. Risasi zikae kwingine. Mkeo au mumeo ajue ipo, lakini namba ya kufungulia ibaki kwako. Usiiache kwenye gari uwanjani kwa kanisa ukidhani umefanya ustaarabu: kioo kinavunjwa kwa sekunde chache, dashibodi inafunguliwa, na jioni utakuwa unaandika maelezo polisi kwa nini silaha yako iko mikononi mwa mtu mwingine. Kama umetoka safari na fedha ziko nawe, pitia nyumbani kwanza. Ukichelewa, kuna ibada ya pili. Kama uko ugenini na nyumba yako iko Makongolosi, siku hiyo sali gesti, Mungu anajua mazingira yako.

Kuna mmoja aliniuliza kuhusu mtu anayetishiwa kweli, mwenye kesi ya shamba au mirathi, anayeogopa kuviziwa hata kanisani. Huyo namhurumia, lakini ushauri wangu haubadiliki. Aripoti polisi, apewe namba ya taarifa, kisha amwambie mchungaji na wahudumu. Tukijua, tunambadilishia benchi, tunamtoa kwa mlango wa nyuma, tunampa watu wa kumsindikiza. Akija kimya kimya na bastola, ametuingiza wote kwenye ugomvi wake bila kutuuliza, pamoja na watoto wa shule ya Jumapili.

Siku ninazozihofia zaidi ni za mavuno, kwa sababu mnada wa vitu vilivyotolewa sadaka unaleta watu wengi tusiowajua na hela zinashikwa mkononi hadharani. Kwa siku hizo tunaandika barua kituo cha polisi mapema, tunaomba askari wawili wenye sare. Andikeni saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na ya kumaliza muiongeze, kwa sababu mnada wetu ukifika kwenye majogoo wazee wanaanza kupandishiana bei kwa ubishi na hapo hakuna anayekumbuka saa. Askari wapeni chai na maandazi wakifika, si wakiondoka.